Imepona ama Imenyamaza

Siku ile stelingi ilipoanza kucheza yenyewe, Ciakuthii alikuwa ameketi kiti cha mbele, amepakata trei ya mayai, akimwambia mwanawe apunguze mwendo. Hilo halikuwa jambo geni. Ciakuthii angeweza kumwambia Njagi apunguze mwendo hata gari likiwa limeegeshwa. Walikuwa wametoka nyumbani Karurumo asubuhi, wameshika lami kuelekea Embu mjini, mwendo ni kama sabini hivi, na tairi la mbele la kushoto likapanda kiraka cha lami kilichovimba. Kidogo tu. Dup. Halafu gari likaingiwa na wazimu.

Stelingi ilikwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Vioo vikalia. Dashibodi ikatetemeka kama bati lililopigwa na mvua ya mawe. Njagi aliing'ang'ania kwa mikono miwili, mishipa imemsimama shingoni, kama mtu aliyeshika pembe za fahali asiyetaka chanjo. Ciakuthii alifungua mdomo amwite Yesu, na jina likatoka vipande vipande. Ni mpaka gari lilipopunguza mwendo likafika thelathini ndipo mtikisiko ule ulikoma, ghafla, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Njagi alipumua. "Ni barabara tu, Mami."

"Barabara haina mikono ya kushika stelingi."

"Ni hicho kiraka."

"Ile pikipiki mbele yetu imepita juu ya hicho kiraka, na mtu nyuma amebeba godoro. Mbona yeye hakucheza disko?"

Njagi alicheka, akawasha redio. Ciakuthii aliangalia mayai yake. Manne yalikuwa yamepasuka, na ute ulikuwa unamtiririkia kwenye magoti.

Sasa, shida ya Ciakuthii ni kwamba aliogopa vitu vingi mno, na mtu anayeogopa kila kitu hakuna anayemsikiliza siku ya kuogopa kitu cha kweli. Mtungi wa gesi aliopewa na mwanawe aliuweka nje, karibu na banda la kuku, na alipopika alifungua mlango na madirisha yote mawili hata wakati wa baridi ya Julai. Simu ikiwa kwenye chaji, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuketi karibu nayo. Alipomwambia jirani yake Ruguru kwamba gari la Njagi lilitaka kuwaua, Ruguru aliendelea kuchambua maharagwe.

"Na wiki jana si ulisema ni nyuki?" Ruguru aliuliza.

"Nyuki ni nyuki. Hii ni gari."

"Mama Njagi, wewe hata ukipewa mbingu utauliza kama ngazi imekazwa."

Basi akanyamaza, lakini moyo haukunyamaza. Kwa sababu kulikuwa na safari. Jumamosi ya wiki iliyofuata gari hilohilo lilikuwa liwapeleke Githongo, kule Meru, nyumbani kwa Kananu, msichana ambaye Njagi alitaka kumwoa. Wangebeba kondoo dume, mtungi wa asali ya Mbeere na wazee wawili wa ukoo. Na ili kufika Githongo ni lazima ushuke ile miteremko ya Nithi, ambapo lori hukufuata nyuma kama limefungwa kwako, na kona hazikungoji. Ciakuthii alikuwa na mtoto mmoja tu. Baba wa mtoto huyo alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba miaka tisa iliyopita. Stelingi ikiamua kucheza pale mteremkoni, alikuwa akijiuliza, ataishika nani?

Na tuseme ukweli, gari lile halikuwa hivyo zamani. Lilikuwa gari kuukuu la kazi ngumu, la kuvuta mbele na nyuma, lenye ekseli moja ya mbele iliyonyooka kutoka tairi hadi tairi kama ya trekta. Njagi alilitumia kununua ndengu kwa wakulima wa kule chini, mahali ambapo barabara ni mto uliokauka. Lilimtumikia vizuri mpaka siku alipoenda Githongo mara ya kwanza, mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshuka siku tatu. Udongo mwekundu wa kule si wa mchezo. Gari lilizama hadi tumbo, katikati ya kahawa ya Mzee Kiunga, babake Kananu, na likavutwa kwa kamba ya trekta huku ukoo mzima umetoka kutazama. Shangazi za Kananu walimpa Njagi jina siku hiyohiyo: Mkwe wa Kamba. Jina hilo lilivuka milima likafika Karurumo kabla yake.

Ndiyo maana aliporudi aliliinua gari. Inchi nne. Alilitilia springi ndefu na vipande vya kuongeza urefu, na matairi makubwa yenye meno. Sasa Ciakuthii alihitaji kigoda ili apande, na akishuka alishuka kinyumenyume kama mtoto anayetoka kitandani.

Baada ya siku ya mayai, Njagi alilipeleka kwa fundi Nyamu, ambaye gereji yake iko Dallas, pale Embu mjini. Nyamu alikuwa kijana mchangamfu, mwenye ovaroli iliyokuwa ya buluu zamani. Alipima matairi, akayabandika vipande vya risasi vya kusawazisha. Gari likatikisika. Akayapima tena, akabadilisha la mbele likaenda nyuma. Likatikisika. Akanyoosha magurudumu kwa mashine. Likatulia siku mbili, likatikisika. Mwishowe akasema dawa anaijua, akaleta shoki nyembamba ndefu ya kumeza mtikisiko, akaifunga kwa kulala kwenye chuma cha stelingi.

Na kweli, mtikisiko ukaisha. Njagi alirudi nyumbani jioni ile akipiga honi tangu barabarani.

"Mami! Panda uone. Imepona."

Ciakuthii alipanda kigoda, akapanda gari. Walikwenda hadi Runyenjes na kurudi. Stelingi ilikuwa tuli kama maji ya mtungi. Njagi aliendesha kwa mkono mmoja akimwonyesha, na mamake akampiga kofi kwenye ule mwingine aurudishe. Lakini walipovuka tuta dogo la kuingia kwao, Ciakuthii alisikia kitu. Hakukisikia kwa masikio. Alikisikia kwa nyayo, kutoka chini ya sakafu. Tok. Kama mtu aliyegonga mlango mara moja akaghairi.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Hiyo tok."

"Ni chupa ya soda huko nyuma, Mami."

"Njagi. Hii gari imepona ama imenyamaza?"

Njagi alizima injini akamtazama. "Si ni kitu kimoja?"

"Ulipokuwa mdogo ulishikwa na malaria, nikakupa panadol, ukatulia, ukacheza mpira. Usiku wa pili ulikuwa unazungumza na mbuzi ambao hawako. Dakitari aliniuliza swali hilo hilo. Alipona ama alinyamaza?"

"Mami, gari si mtoto."

"Ndiyo. Mtoto anaweza kulia."

Wakaachana hapo. Jumatano ilipofika, wazee wameshapewa habari na kondoo ameshafungwa karibu na ghala, Ciakuthii alisema neno ambalo hakuwa amelisema tangu azaliwe: haendi. Alilisema polepole, akipepeta ndengu, kama anayetaja bei ya sukari.

"Mami, huwezi kukosa. Mamake Kananu ameuliza mara tatu kama unakuja."

"Najua."

"Watu wa Meru hawabembelezi mtu. Watasema umemkataa msichana wao."

"Kananu nampenda. Nimempigia nikamwambia hivyo, na nikamwambia kwa nini. Unajua alisema nini? Alisema, 'Mama, afadhali mchelewe.'"

Njagi aliketi juu ya gunia. Mamake na mchumba wake walikuwa wamezungumza bila yeye, na hilo lilimtisha kuliko stelingi.

"Sasa unataka nini?" aliuliza baadaye.

"Nataka nionyeshwe kile kinachotikisika. Kwa macho yangu, na nikiguse. Sitaki kuambiwa ni barabara, sitaki kuambiwa ni matairi. Kitu fulani hapo chini kimelegea. Nikikiona, na nikaona kimekazwa, nitapanda."

Alhamisi asubuhi walikuwa Dallas, Ciakuthii amekuja na basi dogo la abiria kwa sababu alikataa kata kata kupanda gari lile, huku Njagi akimfuata nyuma na gari lake, peke yake kama mtu aliyefukuzwa nyumbani.

Fundi Nyamu alimpokea kwa kicheko. "Mama Njagi! Nasikia wewe ndiwe mkaguzi mpya."

"Cheka tu, mwanangu. Kwanza inua uniangalizie."

Nyamu aliingiza jeki, akainua upande wa mbele mpaka matairi yakaning'inia. Alilishika tairi juu na chini akalitikisa. Akalishika kushoto na kulia akalitikisa. Hakuna kilichocheza. "Shika mwenyewe, Mama." Ciakuthii alifunga leso vizuri kiunoni, akashika, akatikisa kwa nguvu zote za mikono iliyolima miaka thelathini. Kimya. Ngumu kama jiwe la kusagia.

"Umeona?" Njagi alisema. Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameshatoa funguo mfukoni.

Ciakuthii alisimama akilitazama gari lililoning'inia. Aibu ilianza kumpanda. Labda Ruguru alisema kweli. Labda alikuwa ameuchelewesha ukoo mzima kwa sababu ya chupa ya soda. Lakini macho yake yalikuwa kwenye yale matairi yaliyokuwa hewani, hayabebi chochote, na kitu kikamjia, si kutoka shuleni, maana shule aliiacha darasa la saba, bali kutoka shambani.

"Nyamu," alisema, "umewahi kulima kwa plau ya ng'ombe?"

"Mimi ni mtoto wa mjini, Mama."

"Plau ikiwa imening'inia ghalani, kila kitu kimekaza. Utatikisa uchoke. Iingize kwenye udongo, ng'ombe wavute, ndipo utajua ni bolti gani imelegea. Teremsha gari chini. Iwe na uzito wake."

Nyamu alikuna kichwa. Alitaka kucheka tena, ila kicheko hakikuja. "Hata mwalimu wetu wa karakana alikuwa anasema hivyo," alikiri kwa sauti ndogo. "Ni vile jeki ni haraka."

Akateremsha gari. Njagi akaketi kwenye usukani, injini ikinguruma, akaambiwa azungushe stelingi kidogo tu, kushoto na kulia, kama anayembembeleza mtoto alale. Nyamu akalala chini na kuweka vidole kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kisha akasema, "Endelea, endelea hivyo hivyo," na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tok. Tok. Tok.

"Nisogezee gunia," Ciakuthii alisema.

"Mami, huwezi kulala hapo chini, kuna oili!"

"Gunia, Njagi. Na usiguse gia, ukae umekanyaga breki."

Alilala chali kando ya fundi, leso na yote. Nyamu alimwonyesha chuma kirefu kilichotoka kwenye mwili wa gari upande mmoja kikashuka kushika ekseli upande wa pili. Kazi yake, alimweleza, ni kuizuia ekseli isiende kando. Ikiwa ekseli inaweza kwenda kando hata unene wa kucha, basi tairi likigonga kitu, ekseli inaruka kushoto, stelingi inaivuta kulia, ekseli inarudi, na kila mmoja anamsukuma mwenzake, kwa mwendo wa sabini. Hapo hakuna dereva. Kuna abiria tu.

"Na hiyo shoki uliyomwekea?"

"Hiyo..." Nyamu alisita. "Hiyo inashika mkono wa mtu anayetetemeka, Mama. Mkono unatulia. Homa iko."

Ciakuthii alinyoosha kidole akagusa mahali chuma kile kilipofungwa. Kila Njagi alipozungusha, bolti ilipiga ukuta wa tundu lake upande huu, kisha upande ule. Tundu halikuwa mviringo tena. Lilikuwa refu, kama yai. Na bolti yenyewe, alipoifuta grisi kwa ncha ya leso, ilikuwa na kichwa bapa, na chini ya kichwa, shingo ya pembe nne.

Aliitambua mara moja. Alikuwa ameikaza bolti kama ile kila Oktoba tangu aolewe.

"Njagi!"

"Naam?"

"Bolti ya plau yangu inafanya nini huku?"

Injini ilizimwa. Walisikia mtu akikaanga chapati ng'ambo ya barabara. Halafu miguu ya Njagi ikaonekana ikishuka, ikasimama, ncha ya kiatu ikichora mchanga.

Ilikuwa hivi. Hakuna mtaalamu aliyeinua lile gari. Njagi aliliinua mwenyewe, nyuma ya ghala, siku mama alipokuwa kwenye kikao cha kanisa, akifuata video ya simu. Bolti ya asili ilikuwa imeshikwa na kutu, ikakatika. Hakutaka kungoja. Akakumbuka kwamba hakuna bolti yenye nguvu kuliko ya plau, maana imevunja mawe na haijawahi kukatika. Ilikuwa nyembamba kidogo kuliko tundu, na shingo yake ya pembe nne ikakataa kuingia, kwa hiyo akalichonga tundu kwa tupa mpaka ikakubali.

"Ulichonga tundu," Nyamu alisema, bado amelala, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Kwa tupa. Na umekuja hapa mara nne na hukuniambia."

"Niliona aibu."

"Mimi nikapima matairi mara mbili! Boss, daktari utamficha ugonjwa halafu umlaumu?"

"Na mimi," Ciakuthii alisema kutoka chini ya gari, "uliniambia bolti ilianguka shambani. Nilitafuta mchana mzima. Nilichuja udongo kwa ungo, Njagi. Kwa ungo!"

Kisha, pale chini, kitu kikaanza kutikisika, na safari hii hakikuwa gari. Ciakuthii alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamwingia masikioni, na Nyamu akashikwa naye, na Njagi, ambaye hakujua kama amesamehewa, akacheka nusu nusu akiwa amesimama.

Mama yeyote anayesoma haya, ambaye mtoto wake amenunua gari akaliinua ili lionekane juu ya mengine, na ashike jambo moja. Gari likitikisika kisha likaacha bila mtu kukuonyesha kilichokuwa kimelegea, usipande, na usimwache apande. Mwambie fundi aliteremshe likanyage chini, mtu azungushe stelingi, mwingine aweke vidole. Watakucheka. Acha wacheke. Na kijana aseme yote aliyoyafanya nyuma ya ghala, hata ya kuaibisha, kwa sababu fundi hawezi kutibu uongo.

Kazi ilichukua siku nzima. Kipande cha chuma kizito kikachomelewa juu ya tundu lililoharibika, likatobolewa jipya la kipimo, ikaingia bolti ya unene wake yenye nati ya kujifunga. Nyamu alisema pia kwamba inchi nne zilikuwa zimekiinamisha kile chuma vibaya. Ziondolewe mbili. Njagi alifungua mdomo, akawaza matope ya Githongo na shangazi za Kananu, akamtazama mamake aliyekuwa na oili kwenye nywele, akaufunga.

"Toa mbili," alisema.

Nyamu alipokuwa anakusanya spana, Ciakuthii alimzuia. "Bado. Ondoa hiyo panadol."

"Shoki? Mama, hiyo haina ubaya sasa. Inasaidia."

"Utairudisha. Kwanza tuijaribu bila."

Saa kumi hivi walikuwa barabarani, Njagi kwenye usukani, Ciakuthii kando yake, Nyamu nyuma kati ya spana zake. Shoki ilikuwa imebaki gereji. Kilikuwa kiraka kilekile cha siku ya mayai, na Njagi alikiona kutoka mbali. Hamsini. Sitini. Mamake hakumwambia apunguze. Alikuwa ameweka nyayo zote mbili sakafuni, viatu ameshavua, na midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

"Mami?"

"Piga," alisema.

Sabini na tano. Tairi la kushoto likapanda kiraka. Dup.

Stelingi ilipepesuka mara moja, kama mtu aliyeguswa bega, ikarudi mahali pake. Basi. Gari likaendelea kunyooka. Nyayo za Ciakuthii zilisikiliza: hakuna tok. Njagi aligeuza gari akarudi, akakipiga kiraka tena kwa themanini, na Nyamu nyuma akasema amina ingawa hakuna aliyekuwa ameomba kwa sauti.

"Sasa unaweza kupunguza mwendo," Ciakuthii alisema.

Jumamosi waliondoka jua halijawa kali, wazee wawili nyuma wakibishana ni nani atakayezungumza kwanza, kondoo dume akiwa nyuma yao akiwapumulia shingoni. Mtungi wa asali Ciakuthii aliubana katikati ya miguu yake. Alikuwa amepanga kukaa macho safari yote. Alikuwa amepanga kumwambia Njagi apunguze pale juu ya mteremko, kisha tena katikati, kisha pale darajani, na amwonyeshe lori zote. Walipita Chogoria wakiwa wanazungumza juu ya mvua, na jua likaingia dirishani likamlalia usoni, na gari likatembea laini, laini.

Alipofumbua macho, hewa ilikuwa ya baridi na pande zote mbili palikuwa na kahawa. Gari lilikuwa limekata kushoto kutoka barabara kuu.

Alishtuka akashika dashibodi. "Tuko wapi? Nithi iko wapi?"

"Nithi tumepita kitambo, Mami. Hapa ni karibu Githongo."

"Na hukuniamsha! Na gari je? Ilitikisika?"

Mmoja wa wazee aliinama mbele kutoka nyuma ya kiti, akamgusa bega.

"Gari ilikuwa imetulia, Mama Njagi," alisema. "Wewe ndiwe ulikuwa unaitikisa kwa kukoroma."